Wito wa Harambee: Vitabu na Majarida ya Vyuo Yasomwe na Wasioona Pia

Bwana Yesu asifiwe. Kamati ya elimu ya usharika wetu hapa Moshi inawaletea washarika, majirani wa dini zote, wahitimu wa vyuo vya mkoa huu na marafiki walio mbali ombi la kuchangia shilingi 14,000,000, ili vitabu na majarida ya kitaaluma yawekwe katika hali ambayo msomaji asiyeona, mwenye uoni hafifu, au asiyeweza kushika kitabu na kufungua kurasa zake, ataweza kuyasoma mwenyewe bila kungoja mwenzake apate nafasi ya kumsomea.

Mji wetu si mgeni wa jambo hili. Shule ya Msingi Mwereni imewapokea watoto wasioona kwa miaka mingi, na huko nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, hufundishwa na kusomwa. Ugumu huongezeka mwanafunzi anapofika chuoni, iwe Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Mwenge au kwingineko, kwa kuwa kila muhula huja na sura nyingi za kusoma kutoka vitabu mbalimbali, nazo hubadilika mhadhiri anapobadilika. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa juzuu kadhaa nene. Haiwezekani kuigeuza orodha nzima ya muhula kwa njia hiyo kabla mitihani haijafika.

Kwa hiyo wengi hutegemea kompyuta iwasomee kwa sauti, na hapo ndipo shida tunayotaka kuishughulikia inapoanza. Kitabu huazimwa maktaba, hupelekwa steshenari, sura mbili tatu hupigwa skani au picha ya simu, kisha faili huzungushwa katika kundi la WhatsApp la darasa. Mwenye macho hana neno. Kompyuta, kwa upande wake, haikuti humo hata herufi moja, bali picha ya ukurasa, na programu ya kusoma skrini ikifika hapo hunyamaza au hutamka neno moja tu na kupita. Majarida, hata yale yanayopatikana bure katika intaneti, yana usumbufu wake: matoleo mengi ya zamani ni picha za kurasa, na mapya mara nyingi hupangwa kwa safu mbili, hivyo faili lisipoandaliwa vizuri programu husoma mstari wa safu ya kushoto na kuurukia wa safu ya kulia, huku tanbihi zikijipenyeza katikati ya sentensi.

Programu zenyewe hazihitaji harambee. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, hutolewa bure, na inayo sauti ya Kiswahili, ingawa ni sauti kavu ambayo masikio huizoea polepole. Zipo pia programu za kutambua maandishi, zinazogeuza picha ya ukurasa kuwa maneno, na kwa ukurasa safi usio na majedwali hufanya kazi ya kuridhisha. Ukizipa mizania ya chama cha ushirika, ambayo mwanafunzi wa uhasibu hukutana nayo kila wiki, tarakimu za mwaka huu huchanganyika na za mwaka jana, 8 huwa 3, na mabano yanayoonyesha hasara hupotea, naye anayesikiliza hana namna ya kujua kwamba hasara imesomwa kwake kama faida. Grafu ya bei ya kahawa mnadani ni ngumu zaidi, kwa sababu kuandika tu kwamba hapo pana grafu hakumfai mtu. Lazima aelezwe bei ilipanda lini, ilishuka lini, na mwandishi alikusudia msomaji aone nini. Kazi hiyo inahitaji mtu anayelijua somo.

Tunajua kwamba mchangiaji hupenda kuona mchango wake, na kompyuta yenye kibandiko cha jina la ukoo inaonekana vizuri kuliko jedwali lililonyooshwa. Hata hivyo, ni vema kusema mapema kwamba sehemu kubwa kuliko zote, shilingi 6,000,000, itakuwa posho ya wasahihishaji wawili, watakaorekebisha makosa ya programu hizo, kwa mwaka mmoja, shilingi 250,000 kila mmoja kwa mwezi. Kompyuta mpakato nne zitagharimu shilingi 4,400,000, skana ya vitabu shilingi 2,600,000, na shilingi 1,000,000 itabaki kwa hedifoni, vifaa vya kuhifadhia mafaili na intaneti. Baadhi ya wajumbe walipendekeza tununue mashine ya kuchapa nukta nundu. Kamati imeahirisha jambo hilo, si kwa kuidharau nukta nundu, ambayo kwa hisabati na kwa mtu asiyeona wala kusikia haina mbadala, bali kwa sababu faili lililosahihishwa linaweza kupelekwa kwenye mashine hiyo siku yoyote, ilhali mashine isiyo na faili safi itachapa makosa yaleyale kwa nukta.

Wazee wa usharika waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama kunakili kitabu cha mtu si wizi. Mkataba wa Marrakesh, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu vitabu kwa wasioona, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwa mojawapo, ziruhusu taasisi zisizotafuta faida kuandaa nakala za namna hii bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, ilimradi nakala hizo ziwafikie walengwa peke yao. Mkataba huo unaruhusu pia nakala kuvuka mipaka, hivyo kitabu kilichokwisha kusahihishwa Nairobi au London hakina sababu ya kusahihishwa upya Moshi, na kila ombi tutaanza kwa kulitafuta huko. Kabla ya faili la kwanza kutolewa tutaomba mwongozo wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Wako ambao tunawaomba kitu kingine badala ya fedha. Wahadhiri watupe vitini vyao kama walivyoviandika katika kompyuta, si nakala iliyochapwa na kupigwa skani tena. Hilo halina gharama na lingetupunguzia kazi kubwa kuliko mchango wowote. Walimu wastaafu wa hisabati, uchumi na sayansi watupe saa chache kwa wiki za kueleza michoro, ambazo kwa baadhi yao, tukiruhusiwa kusema hivyo, zitakuwa nafuu kuliko kugombana na wajukuu juu ya rimoti.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mara baada ya ibada ya pili. Bahasha za ahadi zinapatikana kwa wazee wa mitaa na katika ofisi ya usharika, na ahadi inaweza kulipwa kidogo kidogo kwa miezi sita. Wenye mikungu ya ndizi, mayai, kuku au kahawa wavilete mnadani siku hiyo kabla ya saa nne asubuhi. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi, pamoja na orodha ya vitabu vilivyokamilika na vilivyo foleni, na wanafunzi wanaohitaji kitabu fulani waanze sasa kuandikisha majina ya vitabu hivyo kwa katibu wa kamati.