Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Mlakasa wa Bagamoyo na jamaa yake aliye hatarini kutoweka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira, tunakukaribisha Bagamoyo na kukushukuru kwa kukubali kutusikiliza katika Siku hii ya Mazingira Duniani. Tuliyo nayo leo yanahusu mlakasa, ule mmea utambaao juu ya mchanga, ambao kila mtoto wa pwani ameukanyaga bila kuuliza jina lake.

Mheshimiwa, mlakasa una jamaa wa mbali, wa ukoo uleule wa viazi vitamu, uitwao kitaalamu Jacquemontia reclinata, ambao kwa asili humea katika ukanda mmoja tu duniani, nao ni pwani ya kusini-mashariki mwa Florida, Marekani. Majani yake ni madogo na manene, na maua yake meupe huchanua kwa siku moja tu. Serikali ya Marekani iliutangaza kuwa mmea ulio hatarini kutoweka mwaka 1993, na wataalamu walipouhesabu baadaye, iliyosalia porini haikufika 1,000. Uliponzwa na makazi yake, yaani vilima vya mchanga vilivyo nyuma kidogo ya maji, ambako kila mwenye fedha hutaka kujenga. Vilima vilisawazishwa, bahari ikala sehemu ya vilivyobaki, na miti ya kigeni ikausonga kwa kivuli. Mmojawapo ni mvinje, mti uleule ambao sisi hupumzika chini yake, na jambo hilo lilitushangaza sana. Kibaya zaidi, mabaki yake yametawanyika, ilhali ua lake huzaa vizuri likipata chavua ya mmea mwingine. Mdudu atafikaje huko ikiwa katikati yamesimama maghorofa? Bustani ya mimea ya Fairchild, iliyoko Coral Gables, huotesha mbegu zake na kurudisha miche ufukweni. Tunaiheshimu mno kazi hiyo, lakini huwezi kurudisha mche mahali ambapo ufukwe wenyewe umekwisha.

Mlakasa wetu haujafika huko, kwani bado unapatikana katika fukwe nyingi za nchi za joto, na hatupendi kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Tunachohofia ni makazi yake hapa kwetu. Mwezi Machi tulifukua kwa mikono shina moja lililotambaa mbele ya shule, tukakuta limetoa mizizi karibu katika kila pingili, na mchanga umejilundika nyuma yake hadi kutufika magotini. Hatua chache pembeni, pasipo na mmea, maji ya bamvua yalikuwa yameuchimba ufukwe mpaka mizizi ya minazi ikawa nje. Wiki mbili baadaye shina lile, pamoja na majani yake yenye umbo la kwato za mbuzi, lilikwanguliwa na greda ili kupisha ukuta wa kiwanja, na malori ya mchanga yakaingia kwa njia hiyohiyo. Ilituuma, kwa sababu tulikwishalizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Tunakuomba utusaidie ili vigingi vya mpaka huo viwekwe mahali panapoonekana, na uchotaji wa mchanga ndani yake ukomeshwe. Kitalu tumekwisha kukianzisha, kwa kuwa mlakasa hushika upesi hata kwa kipande cha shina, na viriba tunavyo. Tulichopungukiwa ni uzio wa kuzuia mbuzi na ndoo za kumwagilia.

Mwisho, tunakuomba uongozane nasi hadi ufukweni kabla ya chakula cha mchana, kwa maana maua ya mlakasa hufunguka asubuhi, na jua likishafika utosini huwa yamenyauka.

Tunaomba kuwasilisha.