Tulivyompoteza chui, simba asifuate

Ndugu Mhariri,

Habari za simba zinapofika katika magazeti yetu, karibu kila mara huwa ni za simba aliyevamia zizi, au aliyechomwa mikuki kwa kosa hilo. Siku ya pili yake kimya. Hatuambiwi mfugaji amebakiwa na ng'ombe wangapi, wala simba wamebaki wangapi. Kimya hicho kinanisumbua, ingawa mimi ni mtu wa Makunduchi na simba kwetu hakuna.

Sisi tulikuwa na chui. Chui wa Unguja, mdogo kuliko wa Bara, madoa yake madogo yaliyosongamana. Bibi yangu alitukataza kupita njia ya msituni ikishaingia magharibi. Hakuogopa meno yake tu. Aliamini kila chui ana mwenyewe, anafugwa na mchawi na hutumwa kwa mtu. Mbuzi akichukuliwa, hakulaumiwa mnyama mwenye njaa, alitafutwa jirani. Miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, ukapita msako wa wachawi na chui kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walimtafuta wakakata tamaa. Mwaka 2018 picha za kamera iliyotegwa msituni zilizusha matumaini, lakini uthibitisho haukupatikana. Chui niliyemwona mimi kwa macho yangu ni yule aliyekaushwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja, tulipopelekwa na skuli. Nakumbuka vumbi juu ya masikio yake.

Kwa hiyo nikisoma kwamba simba wa porini Afrika nzima ni kiasi cha 20,000 hadi 25,000 tu, na kwamba kati ya 1993 na 2014 walikadiriwa kupungua kwa asilimia 43, moyo unanidunda. Nchi yenye simba wengi kuliko zote ni hii yetu, Tanzania. Wakiisha hapa, wataazimwa wapi?

Wananaswa na nyaya zilizotegewa nyumbu na swala. Mapito yao yanageuka mashamba. Lakini linaloniuma zaidi ni sumu. Mzoga wa ng'ombe aliyeuliwa hutiwa sumu, simba wakirudi kumalizia wanakufa, na fisi, na tai wanaotua baadaye. Usiku mmoja unatosha kumaliza kundi zima.

Mfugaji simlaumu. Ng'ombe mmoja kwake ni ada ya mtoto na dawa ya mgonjwa, na sisi tunaolala salama hatuna haki ya kumfundisha subira. Serikali inao utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali na kifuta machozi kwa aliyefiwa. Simanjiro, huko Bara, wapo wafugaji waliozungushia maboma yao miti hai iliyoshikamanishwa na wavu wa waya, simba asipate pa kuingilia. Habari kama hizi mbona hatuzisomi? Hapa kwetu, katika msitu wa Jozani, sehemu ya fedha za kiingilio hurudi kwa vijiji jirani, na kima punju, ambaye hapatikani popote duniani ila Zanzibar, bado tunaye. Bibi yangu hakupata hata senti kwa mbuzi wake.

Najua wapo watakaosema wanyamapori si jambo la Muungano. Kisheria wana haki. Ila wageni wengi wanaoteremka Nungwi na Kiwengwa wametokea Serengeti, wamekwenda kumtazama simba kwanza ndipo wakaja kuogelea. Kijana wangu anayetembeza wageni anakula kwa jasho la mnyama ambaye hajapata kumwona.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukimtuma tena mwandishi kwenye zizi lililovamiwa, mpe na safari ya pili baada ya miezi mitatu, akaulize kama kifuta jasho kimefika.

Mwalimu mstaafu,
Makunduchi, Unguja