Risala ya wahudumu wa chanjo ya mbwa na paka kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi, tarehe 28 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mitaa, walimu wetu, kina mama na kina baba mliotoka komuni za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba mkiwa na mbwa kwa kamba na paka ndani ya vikapu: karibuni sana. Nanyi mazamu, walinzi wa malango, mliokesha usiku kucha na bado mmekuja, asanteni. Ninyi ndio mnaowapa hawa mbwa bukari (ugali), na mara nyingi ninyi ndio mnaoumwa wa kwanza.

Tarehe ya leo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Miaka 10 kabla ya hapo alikuwa amemkinga kwa chanjo mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ni ya zamani hivyo, na bado ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15.

Mheshimiwa, tunalotaka kukueleza ni hili: mara nyingi sindano huchomwa na kinga haiingii. Kasoro huwa katika baridi, katika umri wa mnyama, au katika dozi.

Tuanze na baridi, kwa sababu hapo ndipo chanjo nyingi zinapofia. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi wanaogopa joto tu, wakaiweka juu kabisa kwenye sehemu ya barafu wakidhani baridi ikizidi ndiyo salama zaidi. Sivyo. Chanjo hii ina virusi vilivyouawa vikachanganywa na chumvi ya alumini. Ikiganda, chembe za alumini hushikana, na hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena. Ukiitikisa kisha ukaona mabonge mabonge yanashuka haraka chini ya chupa, itupe. Kwenye frigo mahali pake ni rafu ya kati. Mlangoni hapafai, maana joto hupanda kila mlango unapofunguliwa. Umeme ukikatika, frigo ibaki imefungwa, na chupa za maji zilizojazwa humo mapema zitashikilia baridi kwa saa kadhaa. Kwenye kisanduku cha kutembea nacho, barafu iachwe kwanza nje mpaka ianze kutoa jasho, ipangwe chini na pembeni, itengwe na chupa za chanjo kwa gazeti au kitambaa, na kipima joto kikae katikati pamoja na chanjo.

Chanjo za Carré (distempa ya mbwa) na parvo (ugonjwa wa kuhara damu) ni jambo lingine. Hizo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, vikakaushwa kuwa unga unaochanganywa na maji yake. Ukishachanganya, choma palepale. Usikoroge asubuhi chupa za siku nzima. Na bomba la sindano lililosafishwa kwa pombe huua virusi hivyo kabla havijaingia mwilini, kwa hiyo bomba na sindano viwe vipya kwa kila mnyama.

Dozi haipimwi kwa ukubwa wa mwili. Ikiwa chupa imeandikwa mililita 1, mbwa mkubwa wa langoni anapata mililita 1, na mtoto wake pia. Tunasikia mtu akigawa dozi moja kwa mbwa wawili ili aokoe franka. Hapo hakuna aliyechanjwa.

Umri nao una siri yake. Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a, maziwa ya kwanza, hupata kinga ya mama, na kinga hiyohiyo huiangamiza chanjo inayokuja mapema. Kwa wengine huisha wiki ya 8, kwa wengine wiki ya 14, na kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana Carré na parvo huanza kuchanjwa wiki ya 6 hadi ya 8, kurudiwa kila wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Kisha nyongeza kabla ya kutimiza mwaka au anapoutimiza. Mwenye mbwa anayechanja mara moja wiki ya 6 akaishia hapo, mbwa wake akifa kwa kuhara damu mwezi wa 4, huenda akitangaza mtaani kwamba chanjo ni ya uongo. Ya kichaa huchomwa kuanzia wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha hufuata maandishi ya chupa: kuna za mwaka 1, kuna za miaka 3. Kinga yake ya kwanza huhesabiwa baada ya wiki 3 hadi 4, kwa hiyo mbwa wa leo asihesabiwe salama kesho.

Lupango, yaani kiwanja cha nyumba, uliokufa mbwa kwa parvo hubaki na virusi kwa miezi mingi. Ondoa kwanza kinyesi na uchafu, osha kwa sabuni, kisha mwaga javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10. Javeli iliyomwagwa juu ya uchafu ni hasara tupu.

Paka huchanjwa kichaa pia, pamoja na tifusi ya paka, ugonjwa wa virusi unaofanana na parvo ya mbwa. Ila paka mwenye mimba asipewe chanjo hai ya tifusi: watoto huzaliwa ubongo umeharibika, wakitembea kwa kuyumba.

Kuhusu minyoo tutasema kwa kifupi. Mbwa huzaliwa na minyoo tayari, maana hupita kwenye mfuko wa uzazi na kwenye maziwa. Dawa huanza wiki ya 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kila mwezi hadi mwezi wa 6, kisha kila miezi 3. Pima uzito: panda mizani ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Kidonge cha kawaida cha mchanganyiko hutosha kilo 10; mbwa wa kilo 25 anahitaji viwili na nusu. Pirantel, dawa ya minyoo ya mviringo, peke yake haiui tegu. Inatakiwa prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo. Na tegu wanaofanana na punje za mchele huletwa na viroboto, kwa hiyo usipoua viroboto, baada ya wiki 3 hivi utawaona tena. Mapafu na maini ya machinjioni yachemshwe nusu saa kabla mbwa hajapewa.

Mvua zinakaribia, na kupe watazidi. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja, bila petroli wala kiberiti. Kupe wa kahawia hukaa pia kwenye nyufa za ukuta, hivyo kibanda nacho kipuliziwe. Lakini dawa ya mbwa yenye permetrini usiiguse kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja, hutetemeka mpaka afe. Parasetamoli vilevile, kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua.

Mtu akiumwa na mbwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, si kwa makisio, kisha iodini, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kisipakwe mafuta wala pilipili, kisikimbiliwe kushonwa. Mbwa asiuawe, afungwe na atazamwe siku 10. Na mwogopeni hata mbwa aliye kimya, taya limelegea, mate yanadondoka. Watu hudhani mfupa umemkwama kooni, wakaingiza mkono mdomoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 katika kila 100 lazima wachanjwe, tena kila mwaka, kwa sababu wengine hufa na wengine huzaliwa. Mtaa wenye mbwa 40 unahitaji 28. Kwa hiyo tunaomba visanduku vya baridi na vipima joto, mizani moja kwa kila komuni, na kadi za chanjo zenye tarehe ya kurudi. Tunaomba pia, bila aibu, chanjo ya wachanjaji wenyewe, siku ya 0 na siku ya 7, kwani wengi wetu tunawashika mbwa hawa kwa mikono isiyo na kinga.

Jua la mwezi huu unalijua, na barafu ya kisanduku kile pale mezani ilipangwa saa 12 asubuhi. Tunakuomba ukifungue sasa, mbwa wa kwanza amekwisha shikwa.