Milango kuukuu isipigwe msasa mkavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaokarabati nyumba hapa Mombasa tunamwachia fundi bila kuuliza, nalo ni uondoaji wa rangi kuukuu kwenye milango ya vyumbani.

Ni kawaida kupita Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, ukasikia mashine ya msasa ikinguruma ndani ya nyumba, vumbi likitoka dirishani na watoto wakiwa humo humo. Simlaumu mwenye nyumba anayetamani kuuona tena msaji au mvule uliofunikwa na matabaka ya rangi ya mafuta, maana kwetu kila harusi ikikaribia mlango hupakwa upya. Lakini matabaka ya chini, yaliyopakwa miongo mingi iliyopita, huenda yana madini ya risasi, ambayo watengenezaji waliyatia ili rangi ikauke upesi na kudumu. Kikomo cha risasi cha sasa nchini, sehemu 90 kwa kila milioni, kinahusu rangi inayouzwa dukani. Iliyokwisha kupakwa ingali pale pale.

Rangi hiyo ikishikamana na mbao haina madhara makubwa. Ikigeuzwa vumbi, huvutwa kwa pumzi, hutua juu ya mikeka, na mtoto anayetambaa huipeleka kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na kwa mjamzito humfikia aliye tumboni. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa Mombasa, ambao mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wanaijua sumu hii vizuri kuliko mimi.

Wapo mafundi wanaopitisha moto wa gesi mlangoni hadi rangi itoke malengelenge. Huko ni kuongeza mvuke wa sumu juu ya vumbi. Wengine hupaka kostiki soda, ambayo kweli hulainisha rangi, ila huutia msaji weusi, hulegeza gundi ya viungo, na isipooshwa barabara rangi mpya hubanduka.

Njia ya salama ni ya taratibu. Mlango utolewe kwenye bawaba, ulazwe uani juu ya turubai, uloweshwe, kisha ukwanguliwe kwa mkono na kumaliziwa kwa msasa wa maji, huku fundi akivaa barakoa ya kuchuja vumbi laini badala ya leso. Maganda ya rangi yafungwe ndani ya mfuko, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiwe. Fundi atadai siku zaidi, na alipwe siku hizo. Na ikiwa rangi haijabanduka, mimi naona heri kupaka mpya juu yake kuliko kuichokoza, ingawa wapenda mbao tupu hawatanielewa.

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu 1990, lakini mazungumzo yetu kuhusu ukarabati huishia kwenye roshani na milango ya nje yenye nakshi. Naziomba idara ya afya ya kaunti na ofisi zinazotoa vibali vya ukarabati ziweke sharti la kutopiga msasa mkavu ndani ya nyumba kuukuu, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali chenyewe, ambako fundi na mwenye nyumba wataliona kabla mashine haijawashwa.

Mkazi wa Mji wa Kale,
Mombasa.