Harambee ya Mazoezi: Tunaomba Mtuchangie Saa Zisizokatiwa Tiketi

Ndugu wapenzi wa muziki, wazazi wetu, walimu wetu na marafiki,

Salamu nyingi. Tunaandika kuomba fedha, na ni heri tuliseme mapema kuliko kuwazungusha.

Sisi ni wanamuziki saba: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo), chelo (fidla kubwa ya sauti nzito), udi, filimbi na ngoma. Wanne tulisomea muziki wa klasiki kwa kufuata nota. Watatu waliobaki walirithi muziki wa jadi kwa wazee wao, kwa sikio, na hawajawahi kuona haja ya karatasi. Tunapiga pamoja, na kila mmoja anatoka na kilicho chake bila kukichuja. Tunachokosa ni muda wa kukaa chumba kimoja na kufanya mazoezi, kwa sababu muda huo una gharama ambayo viingilio vya maonyesho havijawahi kuilipa.

Tunajua ombi hili halina mvuto. Mtu huchangia kwa moyo mkunjufu anapoona kitu cha kushika: sare mpya, spika, jukwaa. Ukimwambia fedha ni za mazoezi, anakutazama kama umemwomba nauli ya kwenda kulala. Lakini onyesho ndilo sehemu fupi kuliko zote za kazi yetu, na ndilo pekee linaloleta kipato. Yote yanayolitangulia tumekuwa tukiyagharimia mifukoni mwetu, na mifuko yenyewe haikuwa mirefu tangu awali.

Tunachopiga huitwa muziki wa chemba, yaani muziki wa kundi dogo ambamo kila mtu ana sauti yake peke yake. Katika okestra kubwa wapiga fidla wengi hufuata mstari mmoja. Mmoja akiteleza, wenzake humfunika. Kwetu hakuna wa kukufunika, wala hakuna kiongozi wa kusimama mbele na kijiti. Tunaanza kwa pumzi: fidla ya kwanza inavuta hewa, wengine wanaisikia, nyuta zinashuka. Joseph Haydn, mtunzi wa Austria aliyeandika kwarteti za nyuzi (kazi za fidla mbili, viola na chelo) zaidi ya 60 kabla ya kufariki mwaka 1809, aliuacha mtindo huu ukiwa mazungumzo ya watu wanne wanaojuana. Kujuana huko huchukua muda hata kwa watu waliosoma shule moja. Sasa waongeze wengine watatu ambao mapigo wanayahesabu kwa namna nyingine kabisa.

Chukulia jambo la kwanza tu, yaani kupatanisha ala. Wapiga fidla hufundishwa kuanzia kwenye nota ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Filimbi yetu haijui habari hiyo. Matundu yake yalitobolewa mara moja, na aliyeyatoboa alifuata filimbi ya mwalimu wake. Haiwezi kupandishwa wala kushushwa, kwa hiyo nyuzi ndizo zinazoifuata. Hilo lingekuwa rahisi kama mambo yangetulia hapo. Ukumbi ukipata joto, hewa ndani ya filimbi hupata joto nayo na sauti hupanda. Nyuzi kwa upande wao hulegea na sauti hushuka. Unyevu ukizidi, ngozi ya ngoma hulala mpaka iotwe moto. Hakuna kitabu kinachokufundisha kuyafuatilia hayo yote ukiwa katikati ya wimbo. Unayazoea kwa kukaa na wenzako.

Halafu kuna sauti zilizo katikati ya sauti. Mwaka 1932 wataalamu wa muziki kutoka nchi za Kiarabu na Ulaya walikutana Cairo, na moja ya hoja zilizowagawa ilikuwa kama piano ina nafasi katika muziki wa Kiarabu. Piano ina vipande 12 vya kubonyeza katika kila oktava, yaani toka nota moja hadi inapojirudia juu zaidi. Sauti inayokaa kati ya kipande na kipande haipo, hata ukiibembeleza. Fidla haina kasoro hiyo. Shingo yake ni laini mwanzo hadi mwisho, kidole kinatua popote, na udi nao ni vivyo hivyo. Kinachozuia ni sikio la mpigaji, lililozoeshwa tangu utotoni kwamba hapo katikati ni kosa la kurekebishwa haraka. Mpiga viola wetu ilimbidi asikilize sauti moja ya namna hiyo ikipigwa na udi kwa wiki kadhaa kabla kidole chake hakijakubali kuiachia ikae. Sasa anaipiga bila kufikiri, na ndiye anayewakemea wenzake wanaoinyoosha.

Mapigo nayo yana vituko vyake. Fidla zinahesabu mbili, ngoma inahesabu tatu, nafasi ni ileile moja. Mwenye karatasi anauliza "moja" iko wapi. Mpiga ngoma anamjibu kwamba swali hilo halina maana, cheza tu miguu yako itakwambia. Tumejiwekea kanuni: wimbo mpya unapoingia, kwanza hakuna karatasi chumbani. Tunauimba, tunaupiga makofi, tunautembea. Nota zinaandikwa baadaye, na zinaandikwa kwa penseli. Njia hii ni ya polepole mno. Kuna njia ya haraka, nayo ni kuchukua wimbo wa jadi, kuunyoosha uingie kwenye mistari, kuugawia fidla, kisha kumweka mpiga ngoma nyuma kabisa ili aongeze rangi. Maonyesho ya namna hiyo tumeyaona, na bila shaka nanyi mmeyaona. Hatuyataki.

Suala la ujazo wa sauti tumelishughulikia kwa vitendo: mpiga filimbi anasimama pembeni, chelo inakaa karibu na ngoma. Udi ndio uliotusumbua. Nyuzi zake, ambazo mara nyingi ni 11, hudonolewa kwa risha, na kila sauti huanza kufa mara tu inapozaliwa. Uta wa fidla unaweza kushikilia sauti moja kadiri mpigaji anavyotaka. Wakikutana bila mpango, fidla humeza udi na msikilizaji habaki na chochote isipokuwa mkono unaocheza hewani. Ilibidi wapiga nyuta wajifunze kunyamaza, na kunyamaza kwa wakati unaofaa ni kazi ngumu kuliko kupiga.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tujisumbue kuchanganya vitu ambavyo kila kimoja kinajitosheleza. Mchanganyiko huu si mgeni. Mtunzi Zoltán Kodály alianza kuzunguka vijiji vya Hungaria akikusanya nyimbo mwaka 1905, na mwaka uliofuata yeye na mtunzi mwenzake Béla Bartók walitoa pamoja kitabu cha nyimbo za wakulima. Walibeba fonografu iliyonasa sauti kwenye mitungi ya nta, dakika chache kwa kila mtungi. Bartók aliandika jina la mwimbaji, umri wake na kijiji chake. Hakuishia kwao: mwaka 1913 alikwenda Biskra, Algeria, na mwaka 1936 Uturuki. Mnaweza kuisikia kazi hiyo katika kwarteti zake sita, alizozikamilisha kati ya 1909 na 1939. Ndani yake nyuzi huvutwa kwa nguvu mpaka zinagonga ubao, vidole huteleza kutoka sauti hadi sauti, na mapigo hugawanyika kwa namna ambayo wahafidhina wa mjini waliiona ya kishenzi. Miaka ya kusikiliza ndiyo iliyozaa hayo.

Na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliuchukua muziki uliokuwa ukipigwa kwenye majumba ya wakubwa na kuimbwa kwa Kiarabu, akauimba kwa Kiswahili, fidla na udi zikiwa ubavuni. Mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Hakuna aliyemsikiliza akasema huu ni muziki wa nusunusu. Katika miaka ya karibu zaidi, Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne wa Marekani, ilitoa mwaka 1992 albamu nzima ya kazi za watunzi wa Afrika, na mpiga chelo Yo-Yo Ma alianzisha mwaka 1998 mradi wa Silkroad unaowakutanisha wanamuziki wa klasiki na mabingwa wa ala za jadi za Asia. Hao wana majina na wafadhili wa kuwapa muda wa kukaa pamoja. Sisi tuna ninyi.

Sasa fedha zenyewe. Zaidi ya nusu ya tutakachokusanya itakwenda kwenye mazoezi: kodi ya chumba chenye mlango unaofungika vizuri (majirani wetu wamevumilia vya kutosha), nauli, na posho ya kila mwanamuziki kwa saa anazokuwapo. Posho ni sawa kwa wote saba. Tunalitaja hili kwa sababu ni kawaida katika kazi kama hizi mwenye cheti cha chuo kulipwa kwa saa na mwenye urithi wa wazee kulipwa kwa shukrani. Mpiga ngoma wetu amejifunza kwa muda mrefu kuliko yeyote kati ya wenye vyeti. Anayeona posho yake ni kubwa mno aje mazoezini ajaribu kushika nafasi yake kwa wimbo mmoja.

Fungu linalofuata ni la wazee wanaotufundisha nyimbo. Tunataka tuwafuate walipo badala ya kuwaita waje kwetu, tukae nao muda wa kutosha, tuwalipe kama walimu, na tunaporekodi wapate nakala wao na familia zao. Jina la aliyetufundisha litatajwa kwenye karatasi ya nota, kwenye programu ya onyesho na kwenye rekodi. Mzee akisema wimbo fulani si wa jukwaani, hautapanda jukwaani, hata kama tumeshautungia sehemu ya chelo na inatuuma kuuacha.

Kinachobaki ni vifaa vidogovidogo: nyuzi, singa za farasi za nyuta, ngozi za ngoma, vinasa sauti viwili vinavyobebeka. Hatutanunua sare.

Methali ya kibaba mmeisikia katika kila harambee, hatutairudia. Toeni mnachoweza, hata kiwe kidogo, na toeni kwa mhazini peke yake, ambaye atakuandikia risiti papo hapo. Usimpe mwanamuziki fedha mkononi baada ya onyesho ukadhani umechangia harambee. Huyo umemtunza, jambo ambalo halikatazwi, ila halitaingia kwenye vitabu. Hesabu zitakaguliwa na watu wawili wasio wanakundi na kusomwa mbele ya wachangiaji wote. Ukitaka jina lako lisitajwe, mwambie mhazini.

Asiye na fedha anaweza kutusaidia kwa njia nyingine, nasi tutaihesabu kama mchango kamili. Kama una chumba kinachokaa wazi jioni, tuazime. Kama una fidla au chelo iliyolala kabatini tangu watoto wakue, itoe ipate mtu wa kuipiga. Kama marehemu babu yako aliacha kanda za nyimbo ambazo hakuna anayezikumbuka, tuletee tuzisikilize pamoja, na kanda zenyewe zitabaki mali yako. Fundi wa kutengeneza ala atakayekubali kutuhudumia kwa nusu bei atapata nafasi ya mbele katika kila onyesho letu.

Mazoezi yetu ya Jumamosi yako wazi kwa kila mchangiaji, wa kikubwa na wa kidogo. Njoo ukae kwenye kona, usikilize tukibishana. Watoto wanakaribishwa mradi wasiguse udi.

Mchango utakaofika baada ya lengo kutimia hatutaurudisha, tuseme ukweli. Utaingia katika akiba ya nyuzi na ngozi, ambazo hukatika na kupasuka bila kungoja harambee nyingine.

Wenu katika muziki,

Katibu, kwa niaba ya wanamuziki wote saba