Salamu za shukrani kutoka kwa watoto wa marehemu mama yetu

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu mama yetu mpendwa tunatanguliza shukrani kwa Mwenyezi Mungu, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, aliyetushika mkono tangu siku mama alipolazwa hadi jioni tulipompumzisha kaburini. Kisha tunawashukuru ninyi nyote mliosimama nasi. Tungetamani kumfikia kila mmoja wenu na kumpa mkono, lakini kwa wingi wenu hatutaweza, ndiyo maana tunaandika.

Mama aliugua siku 43. Za mwanzo tulizimudu, maana alikuwa akiongea, na kila daktari alipopita tulibaki na tumaini. Wiki ya nne sauti ikakatika. Usiku mmoja tukapigiwa simu tufike wote, hali imebadilika. Saa nane za usiku tulikuwa tumekizunguka kitanda, na hakuna aliyeweza kuomba. Sisi tuliolelewa katika sala, tuliopokezana kuongoza ibada ya jioni nyumbani tangu tungali wadogo, maneno yalitukaukia mdomoni. Dada yetu mkubwa akafungua Zaburi ya 136, kwa kuwa ndiyo aliyotufundisha mama kwanza: yeye akisoma, sisi tukiitikia, "kwa maana fadhili zake ni za milele." Zaburi hiyo ina mistari 26, na kiitikio hicho kimo katika kila mstari. Dada akasoma, tukaitikia kwa sauti za kukwama. Tulipofika kama mstari wa kumi hivi, tukaona kidole cha mama kinagonga shuka. Kinagonga, kinatulia, kinagonga tena, mara moja kwa kila kiitikio. Alikwenda nasi hadi wa mwisho.

Utotoni tulikipenda kiitikio kile kwa kuwa kilikuwa rahisi kushika. Hatukuwa tumeangalia kinaitikia nini: jangwa, wafalme wakali, na karibu na mwisho, "aliyetukumbuka katika unyonge wetu." Usiku ule unyonge ulikuwa wetu, na kila neno tulilisema tukilimaanisha. Bwana akatuachia mama siku tisa nyingine. Akamtwaa alfajiri, kwa utulivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wetu wa mwisho.

Baba mchungaji, kwako tunakosa pa kuanzia. Ndugu yetu wa tatu ameturuhusu tuliseme hili. Miaka mingi alikuwa hakanyagi kanisani, na usiku ule alikufuata ukumbini akakuuliza kwa hasira: kama Mungu ni wa rehema, mbona anamwacha mama hivi? Hukumkemea. Ulikaa naye kwenye benchi, ukamsomea katika Marko sura ya 9 habari za yule baba wa mtoto mgonjwa aliyemlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ukamwambia hiyo nayo ni sala, na Yesu hakuikataa, mtoto aliponywa. Kisha ukanyamaza naye hadi kukapambazuka. Mama yetu hakuponywa hivyo, na hukumficha kwamba huenda asipone. Lakini ndugu yetu sasa anaomba kwa sala hiyo hiyo, wala haongezi neno asilolimaanisha.

Wengi mlitufariji kwa maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tunayaamini na tunawashukuru. Tunawashukuru vilevile wale mliotuacha tulie bila kutuharakisha, maana Ayubu huyo huyo alilalamika sura nyingi, na mwishoni Mungu alisema kwamba ndiye aliyenena yaliyo sawa, si rafiki zake.

Dada muuguzi wa zamu ya usiku, ulituomba tusikutaje jina, nasi tumetii. Zamu yako iliisha asubuhi ile na hukuondoka. Ulimlowesha mama midomo kwa pamba, ukamgeuza ubavu taratibu, kila mara ukimwambia kwanza unachotaka kufanya ingawa hakuweza kukujibu. Tumewahi kusikia mahubiri mengi juu ya huruma ya Mungu. Sisi tuliiona mikononi mwako, na yeye aliyesema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama" anakujua.

Jirani yetu, mama wa watoto wawili, siku zote 43 uliwachukua wajukuu shuleni pamoja na wako, ukawaogesha, ukasali nao kabla hawajalala. Hatukukuomba. Ulikuja tu.

Shukrani za pekee ziwafikie madaktari na wauguzi wote wa wodi. Wazee wa kanisa na mashemasi. Kwaya iliyokesha nasi. Umoja wa akina mama. Vijana waliochimba kaburi na kubeba jeneza. Wafanyakazi wenzetu na waajiri waliotupa ruhusa bila maswali. Marafiki wa mama wa ujanani. Waliochangia fedha, waliotoa magari, waliopika, waliopanga viti, waliosafiri mbali, waliopiga simu, waliotuma ujumbe, na wale mliofunga na kuomba mkiwa kwenu bila sisi kujua.

Tunaomba radhi, tena kwa unyenyekevu mkubwa. Wapo tuliopaswa kuwataja na hatukuwataja. Wapo waliotupigia simu hatukupokea, waliotuandikia hatukujibu, waliokuja wakatukuta hatuna hata nguvu ya kuwakaribisha. Wapo waliosafiri usiku kucha na hatukuwapa nafasi ya kusema neno la mwisho, kwa sababu ya muda. Daftari la michango nalo lililowa mvua siku ya maziko na baadhi ya majina hayasomeki. Tumeyakodolea macho mara nyingi. Kama ulitoa na hukupata neno la asante kutoka kwetu, tafadhali usidhani tumedharau. Tusamehe, na utujulishe tukushukuru inavyostahili.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili hii baada ya ibada ya pili, kanisani kwa mama. Dada atasoma Zaburi ya 136. Njoni tuitikie pamoja.

Mungu wa rehema awabariki.

Ni sisi, familia.