Wajina, udongo wenu umefika kwetu

Jomvu Kuu, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Wajina wangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya changu. Ule ujumbe wako wa kuuliza kama bado niko hai au nimegeuka kaa niliuona. Niko hai, ila ukaa nao hauko mbali. Tangu vuli ianze, kila bamvua, siku zile maji yanapojaa na kukupwa kupita kiasi, niko topeni na wenzangu wa kikundi cha kupanda mikoko, na jioni kitindamimba wangu hakubali kukaa karibu nami mpaka nioge mara mbili. Ninayotaka kukwambia leo hayafai kwa simu, maana utanikata kauli, nakujua. Kwa hiyo nakuandikia. Soma mpaka mwisho, kisha ndipo ukasirike.

Kitalu chetu cha miche ulikiona ulipokuja Idi, pale nyuma ya nyumba ya shangazi, viriba vimepangwa chini ya makuti. Hukuona aibu zetu za mwaka wa kwanza. Tulipanda mikoko kama watu wanaopanda kunde: popote palipo wazi, tia. Kumbe kila mti una mtaa wake. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, uso kwa uso na maji. Mkoko wenyewe hufuata, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui. Mkandaa hukaa nyuma, kule maji yanakofika kwa nadra. Mchu ni mvumilivu wa chumvi, utaukuta mbele na utaukuta nyuma. Sisi tulichukua mbegu za mkoko tukazichomeka mahali pa mlilana, na bamvua ya kwanza ikazing'oa zote, tukaziona zikielea kuelekea Tudor kama kalamu zilizomwagika.

Siku ile walikuwapo wageni wa kampuni moja, wametushonea na fulana. Wao walitaka picha na sisi tulitaka fulana. Mzee mmoja mvuvi alitwambia hapo hapashiki mti, tukamwona anatuharibia shughuli. Fulana yangu siku hizi napigia deki.

Baadaye huyo huyo mzee ndiye aliyetufunza. Mbegu ya mkoko huichumi ikiwa kijani tupu. Unatazama pale juu inapoungana na kofia yake. Ukiona pete ya manjano, imeiva, na ukiizungusha kidogo inaachia yenyewe bila kuvutwa. Ukiilazimisha umeua. Kisha unaisimamisha topeni, theluthi yake tu chini, ncha iangalie chini, wala hushindilii. Nimezishika nyingi hata sasa mikono inajua kabla ya macho. Tulipofuata maneno yake miche ikakamata. Mwaka juzi na mwaka jana ulikuwa ukisimama pale mwisho wa njia ya wavuvi unaona kijani kimeshika mstari, na kamba wadogo wamerudi kwenye vijito. Mama mmoja wa hapa, muuza kaa, akaacha kwenda ng'ambo kutafuta mali.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Vuli hii mvua ilinyesha siku tatu huko juu kwenu Rabai, huku kwetu manyunyu tu. Siku ya nne maji yalipokupwa tukashuka kukagua. Wajina, sikuamini. Tope la hapa unalijua, jeusi, linanuka yai bovu, ukikanyaga linakunyonya mguu. Safari hii juu yake palikuwa na tabaka jekundu, laini, limetandazwa kama mtu aliyepaka hina juu ya wanja. Nikachimba kwa kiganja pembeni ya mchu mmoja. Ile mizizi yake ya kupumulia, vile vijiti vinavyochomoza juu kama penseli, ilikuwa imezikwa yote. Hapo ndipo mti unapovutia hewa, kwa sababu ndani ya tope hewa hakuna. Ukivifukia vile vijiti ni sawa na kumziba mtu pua. Tulikaa tukichimbua kwa vidole, kina mama tisa, kama watu wanaotafuta pete iliyopotea. Tulichimbua mpaka maji yakaanza kutujia magotini. Baada ya wiki chache majani yakawa manjano, yakapukutika.

Mzee wetu hakushangaa. Alisema El Nino ya 1997 ilifanya vivyo hivyo kule Mwache, mafuriko yakashusha udongo mpaka mikoko ikafa kwa kufukiwa.

Tumezoea kulaumu wakubwa. Hatukosei sana, maana hori zetu hizi za Mombasa zimeteswa. Mafuta yaliyomwagika Makupa mwaka 1988 yaliua mikoko ambayo baba yangu aliijua mti kwa mti. Maji machafu ya mitaani yanaingia mpaka leo, na taka nazo ndizo hizo. Lakini udongo mwekundu mjini hakuna. Nikauchukua kwenye kikopo cha samli, nikauanika dirishani, na ulipokauka nikaujua. Ni ule ule ulionigandia viatuni siku ya harusi ya binamu yako, mkacheka kwamba nimekwenda nao mpaka Jomvu. Ndio huo umekuja tena, safari hii kwa miguu yake.

Mito miwili inayoingia kwetu, Kombeni na Tsalu, huanzia upande wa Mariakani. Kiangazi unaivuka na kandambili bila kulowa, kwa hiyo watu huisahau kwamba ni mito. Mvua moja kubwa inatosha kuikumbusha. Kila kilima kilichokatwa miti ya makaa, kila shamba lililolimwa kufuata mteremko, kila ukingo uliochimbwa mchanga, vyote vinateremka usiku mmoja na kuishia miguuni mwa miche yetu. Naam, nimesema mchanga. Najua kaka yako ana lori. Na kabla hujaniuliza nitajitaja mwenyewe: nyumba hii ninayoandikia, mchanga wa kuta zake ulitoka Kombeni, na aliyeuleta ni kaka yako, tena alinipunguzia bei. Boriti za chumba cha nyuma ni za mkoko, zilikatwa hapa hapa na mjomba bila kibali, na msitu huu ni hifadhi ya serikali tangu 1932. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliye safi.

Kuna jambo moja nililiona siku ile ya harusi ambalo limenikaa kichwani. Mvua ilipokatika tulitembea mpaka kwa nyanya yako, tukavuka vijito viwili. Kimoja kilitoka mashambani, maji yake kama chai ya maziwa. Kingine kilitoka chini ya kaya, ule msitu wenu mtakatifu, na hicho nilikiona mpaka changarawe za chini. Mvua ni ile ile, na kutoka kimoja hadi kingine hatukutembea hata dakika ishirini. UNESCO imeziingiza kaya za Mijikenda katika urithi wa dunia tangu 2008, hilo jambo jema, lakini kilichoufikisha msitu ule hapo ni miko ya wazee wenu: hukati, huchungi mbuzi, hutoki hata na kuni. Sisi huku hatukubakiwa na miko. Tuna vibali, na kibali hununulika.

Kikundini tumegombana sana. Wengine wanataka tufanye kama watu wa Gazi, kule Kwale, tuuze hewa ya ukaa, yaani tulipwe kwa ile hewa ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi. Tulikwenda kuwatembelea, safari nzuri, tulikula pweza wa nazi ambaye sijasahau. Wale wa Mikoko Pamoja, mradi wao wa kijiji, wanatunza hekta 117, na pesa wanazopata wamewavutia watu wao maji na kununulia shule vitabu. Niliona wivu, sikufichi. Hapa mjini maji yetu yanatoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita mia mbili, na bado nanunua kwa mitungi kwenye mkokoteni. Lakini Gazi wana msitu wa kuuza hewa yake. Sisi tuna miche inayozikwa kila vuli, tutamuuzia nani? Mwingine akasema tuandike barua kwa kaunti. Tukaiandika. Mwingine akasema tujenge ukuta wa magunia, na huyo hatukumjibu.

Mimi nikasema nina wajina wangu Rabai. Wakacheka, lakini hawakupinga.

Basi ninachotaka ni hiki. Usiniitie mkutano wa hema na soda. Nitafutie watu kumi tu wanaolima au kuchimba kando ya Kombeni, na kaka yako awe wa kwanza. Mje hapa Jumamosi ya bamvua ijayo, maji yatakapokuwa yamekupwa kabisa, kiasi cha saa nne asubuhi. Hatutawahutubia. Tutawapeleka pale mwisho wa njia ya wavuvi, kila mtu achimbe kwa kiganja chake aone hina na wanja. Kisha wiki inayofuata tutapanda matatu na kuja kwenu, kina mama tisa na vijana watano, na majembe yetu. Tutachimba matuta ya kukinga maji kwenye lile shamba la mteremko la nyanya yako, kama ataridhia, na kupanda matete ukingoni. Najua shamba moja halizuii mto, hilo mzee wetu ameshanikumbusha mara tatu. Lakini nyanya yako akikubali, majirani zake watakuja kuuliza tunafanya nini, na hapo wewe ndiye utakayejibu, kwa Kirabai, si mimi na Kimvita changu.

Kuhusu mchanga sijui pa kumwanzia kaka yako. Ana watoto wanasoma, na mimi siwezi kumwambia aache bila kumwonyesha atakula nini. Labda wachimbe katikati waache kingo, labda wapumzishe mahali pamoja wakahamia pengine. Yeye anaujua ule mto kuliko sisi sote. Mwambie nimemwalika mimi mwenyewe, na kwamba kutakuwa na kaa wa nazi na wali. Asipotaka kuja kwa udongo, aje kwa kaa.

Viatu msivae vizuri. Na kikapu changu cha ukili, kile ulichoondoka nacho na maembe siku ya Idi, nisikuone bila hicho.

Nisalimie nyanya, mwambie tumbaku yake nimeipata sokoni.

Ni mimi,
Wajina wako